Miale ya Sauti kwenye Benchi la Mama

Jumapili ya kwanza ya likizo yangu nyumbani kijijini, mama hakuvaa kwenda kanisani. Alikaa jikoni na sweta lake la kijani, akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Dada yangu mkubwa, anayeishi naye, alinikonyeza nisimuulize. Nikamuuliza.

"Lile kanisa jipya lina kasoro," mama alisema. "Mchungaji akisema neno moja, linafika limeongozana na wenzake. La zamani nilikuwa nasikia kila kitu."

Dada alinifuata uani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kasoro haiko kanisani. Redio yetu ilikuwa inasikika mpaka kwa jirani wa bondeni. "Masikio yanakwenda," alisema. "Ila ukimtajia daktari, hamkai kwa amani siku nzima."

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya fizikia Dar es Salaam, na utafiti wangu ulihusu namna sauti inavyosafiri ndani ya majengo. Kwa hiyo maneno ya mama niliyapokea kwa pupa. Nikavaa haraka nikaenda ibadani, nikachelewa, nikakaa benchi la mwisho. Kuta za saruji, sakafu ya vigae, bati juu kabisa. Mahubiri yalinifikia kama mvumo wa maji korongoni. Nilirudi nyumbani nikiteremka mlima karibu kwa kukimbia.

"Mama, umesema kweli. Ni jengo!"

Akamgeukia dada. "Umesikia?"

Mchungaji, kijana aliyehamia kwetu karibuni kutoka kijiji cha Gare, aliniruhusu nipime kanisa kwa futi kamba. "Pima tu," alisema. "Hata mimi wananilalamikia, wanadhani nanung'unika."

Programu ya kompyuta ninayotumia huichukulia sauti kama miale. Miale inatoka mimbarani, inagonga ukuta, inarudi, na kila ikigonga inapoteza nguvu. Picha zake za rangi zinapendeza, lakini hazikuambii nani anasikia nini. Nilitaka grafu: mhimili wa wima uonyeshe nguvu ya kila mwale, wa mlalo uonyeshe muda. Kubofya menyu kulikuwa kunanichosha, maana nikibadilisha kitu kidogo naanza upya. Nikaandika amri zangu kwenye faili: tengeneza grafu, chukua data za miale, wima weka nguvu, mlalo weka muda, chora.

Ya kwanza ilitoka kama nyuzi za katani zilizovurugika. Tena mistari ilikuwa na pembe za ajabu. Nilikuwa nimehifadhi matokeo kwa vipindi vya muda vilivyoachana mno, mwale una nguvu hapa, kisha ghafla umedhoofika, bila kuonekana ulipogonga ukuta. Nikavisogeza vipindi karibu karibu, nikaanza hesabu upya. Umeme ukakatika. Ukungu ukashuka mpaka kwenye migomba. Nilikwenda barabarani nikarudi, nikaenda tena.

"Una nini wewe?" dada aliuliza. "Kaa chini basi."

Sikuweza. Umeme uliporudi niliongeza amri moja: chora tu miale inayofika benchi la mwisho. Na hapo ushahidi ukajitokeza, miale iliyochelewa lakini bado ina nguvu, inakanyagana na ile iliyotangulia. Nilicheka peke yangu. Kisha, ili mama awe na grafu yake mwenyewe, nilibadilisha mahali, nikaandika vipimo vya benchi analokaa yeye, la pili kutoka mbele.

Miale ya moja kwa moja ilifika mapema, imara. Iliyofuata nyuma yake ilikuwa dhaifu kabisa. Mama alikuwa anakaa mahali pazuri kuliko karibu wote mle ndani.

Nilijiambia nimekosea. Mama ni mfupi, nikashusha kimo cha msikilizaji. Nikamsogeza kulia, kushoto. Nikaongeza miale. Kila nilipoiendesha faili ile, umbo lilikuwa lilelile, na mkono wangu ulikuwa haukubali kuacha kubonyeza. Kesho yake nilimwomba mchungaji asimame mimbarani asome bila kipaza sauti, nami nikakaa kwenye benchi la mama. Nilisikia hata alipofunua ukurasa.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba akipalilia kabichi.

"Mama, jengo lina kasoro kweli," nilisema. "Lakini ni kwa wa nyuma."

"Unasemaje?"

Nikarudia, kwa sauti ya juu. Alisimama, akaegemea jembe.

"Na mimi?"

"Pale unapokaa sauti inafika vizuri."

Alikung'uta udongo kwenye jembe. "Nilikutuma ukatafute hilo?"

Akaendelea kupalilia. Siku ile hakunisemesha, nami nilizunguka humo ndani nikishika kitu na kukiacha. Dada naye, aliyekuwa na haki ya kujisifu, aliniletea chai tu. Asubuhi mama alikuja chumbani kwangu, amevaa gauni la safari.

"Huyo daktari wa masikio yuko wapi?"

Tulishuka Mombo, tukaunganisha gari la Tanga. Sikio moja lilikuwa limekwisha kabisa, daktari alisema, na la pili lingesaidiwa na kifaa. Mama alikichukia. Vijiko vilimpigia kelele, kuku walimpigia kelele, mvua ya batini ilimtoa machozi. Alikivua, akakivaa, akakivua. Mchungaji naye, nilipomwonyesha grafu ya benchi la mwisho, aliita wazee wa kanisa, wakakubaliana kutundika mapazia mazito ya kumeza mwangwi ukuta wa nyuma.

Jumapili kabla sijaondoka mama alikwenda. Nilikaa ubavuni mwake, sikusikia hata neno moja la mahubiri kwa kumtazama yeye. Tulipotoka nilimuuliza ilikuwaje.

"Anasema maneno mengi," alijibu. "Sikujua."

Sasa niko Dar, tunaongea kwa simu karibu kila siku. Wakati mwingine nikiwa katikati ya sentensi anaitikia "ndiyo," mapema mno, na najua hajasikia. Namaliza sentensi. Sijui nirudie au niache, na mara nyingi naacha, kisha nashinda nikiwaza ni kipi kilichompita.