Baa ya Nyuma ya Cherehani: Siku Niliyomsindikiza Rajabu kwa Shangazi, Arua 1974

Wakuu, heshima mbele.

Naona vijana mnapost picha za baa za siri za mjini. Mlango umefichwa nyuma ya kabati, cocktail inatoa moshi, mtu anajiona kagundua dunia. Hongereni. Ila Arua, kwetu West Nile, tulikuwa na baa ya namna hiyo miaka ya sabini, na mimi nimekaa ndani yake. Ninayoyaandika hapa yalitokea mbele ya macho yangu, asiyeamini asome kwa kujifurahisha tu.

Kwanza mnijue. Mzaliwa wa Ayivu, vijiji vya jirani na mji wa Arua, mtoto wa mkulima wa muhogo. Niliondoka nyumbani pekupeku, nikaosha sahani Nairobi, nikasoma jioni mpaka nikapata diploma ya hoteli. Sikubebwa na mjomba wala padri. Niliporudi nilikuwa na suti mbili na viatu vya ngozi, na mtaa mzima ulijua nimerudi.

(Wa kubeza wabeze. Diploma iko ukutani sebuleni.)

Rafiki yangu alikuwa Rajabu, fundi magari wa Koboko. Mpole, ana mikono mikubwa kama sufuria, akicheka anaficha meno. Muislamu wa kweli, pombe hajawahi hata kuilamba.

Rajabu alimpenda msichana wa Kilugbara, kabila la hapo Arua, aitwaye Ayikoru, na Ayikoru alimpenda. Baba wa binti alikuwa marehemu, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake, Mama Letaru. Na kulikuwa na afande mmoja mwenye gari, naye alikuwa akimposa binti huyo huyo. Rajabu alikuwa na baiskeli.

Shangazi akatuma neno: Rajabu aje Jumapili mchana, amwone kazini kwake.

Shida, wakuu, ni kwamba kazi ya shangazi ilikuwa hiyo baa.

"Kaka," Rajabu aliniambia, "mimi naingia namna gani kwa nyumba ya pombe? Mujomba mwenye alinilea akisikia, iko balaa."

"Twende wote," nikamwambia. "Mimi mambo ya baa nimesomea."

Mbele palikuwa na duka la fundi cherehani. Ukifika unasema umekuja kupimwa suruali, na fundi anakupima kweli, kiuno mpaka kifundo, kwa sababu mlango uko wazi na askari wanapita barabarani. Askari wakijua mahali penye kinywaji kizuri, wanakunywa, wanabeba chupa, na siku mbaya wanambeba na mwenye baa.

Nikapimwa. Rajabu akapimwa, anageukageuka kutazama barabara mpaka fundi akamwambia, "Simama sawa, suruali itatoka ya mutu mbili."

Kisha fundi akasogeza robota la vitambaa, tukaingia.

Chumba safi, mapazia mekundu, viti vya mbao vyenye mito. Na friji ya mafuta ya taa! Barafu, Arua, enzi hizo! Nyuma ya meza alisimama Mama Letaru, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, anachanganya enguli, ile pombe kali ya kienyeji, na tangawizi, ndimu, maji ya matunda na asali ya Ayivu. Anatikisa ndani ya birika la bati. Kinywaji kiliitwa Machozi ya Afande, na jina hilo ulilitaja kwa sauti ya chini.

Akaonja glasi moja, akanipa. Nimefanya kazi hoteli ya ghorofa, nasema kwa mamlaka: kile kinywaji kilikuwa cha kimataifa. Nikamshauri tu avunje barafu ndogo zaidi.

Akaniangalia. "Wewe ndiyo ile mutu ya diploma?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi diploma ikae chini."

Sasa hapa mnielewe. Kwetu West Nile sumu iliogopwa kuliko risasi. Hakuna mtu anayekupa kinywaji bila kukionja kwanza mbele yako. Akishaonja, unapokea. Ukikataa glasi iliyoonjwa, umemwambia mwenyeji mbele za watu kwamba unamwona muuaji.

Mama Letaru akamimina glasi nyingine, akaonja, akamnyooshea Rajabu.

"Shika, mutoto ya Koboko. Kunywa, tuzungumuze."

Rajabu akaganda. Akipokea, dini yake. Akikataa, Ayikoru amekwenda. Wanywaji wote wakageuka kutazama.

Nikafanya ambalo rafiki yeyote angefanya. Nikaichukua ile glasi, nikainywa yote kwa niaba yake.

Mzee mmoja pembeni akapasuka kicheko. "Eeeh! Sasa nani naoa?"

Maana glasi ambayo shangazi amemwonjea mchumba ni ya mchumba! Nimekunywa posa ya mwenzangu!

"Kumbe ni diploma nataka Ayikoru?" akauliza Mama Letaru, hacheki.

Nikaanza kujieleza kwa Kiswahili changu cha Nairobi. Wakuu, kila sentensi niliyotoa ilizidi kufanana na posa.

Ndipo Rajabu akasimama.

"Mama, mimi hapana kunywa pombe. Dini nakataza. Lakini mukono yako mimi siogopi. Nipe maji ya mutungi yako."

Mama akachota maji, akainua kikombe mdomoni aonje, kama alivyozoea maisha yake yote. Rajabu akaufunika mdomo wa kikombe kwa kile kiganja chake kikubwa.

"Hapana onja."

Akakichukua, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho.

Yule mzee wa kicheko akavua kofia. Mama Letaru akakaa kitini.

"Ile afande," akasema polepole, "nakuja nyumbani kwangu. Mimi naonja mbele yake. Halafu yeye naita dereva yake, dereva naonja tena."

Akajifuta macho na ncha ya kitambaa. "Enda. Ambia mujomba yako alete wazee."

Walioana. Vita ya 1979, ile iliyoiangusha serikali ya askari, ilipotutawanya walivuka mpaka na shangazi yao, wakarudi naye, wakamzika kwa heshima uzeeni. Leo Rajabu na Ayikoru wako Dranya, upande wa Koboko, wamezungukwa na wajukuu, na chai anayopewa Rajabu hakuna anayeionja kwanza.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kujua nani anakupenda, usihesabu anachokuletea. Tazama anapokea vipi kilichotoka mkononi mwako.

Haya, wa Arua, wa Koboko, na nyie wa mbali: kwenu mgeni huonjewa? Na kuna aliyewahi kunywa posa ya rafiki yake, au ni mimi peke yangu? Semeni, nasoma zote.