Mguu wa Mtu Asiyekunywa Pombe

Sikuwa nimefika miaka thelathini. Nilikuwa shofere wa kamio, lori la kubeba samaki, kutoka Kyavinyonge kando ya ziwa kupanda mjini Butembo. Jumapili moja niliamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kinawaka. Shuka likikigusa tu, napiga kelele. Siku hiyo nilipaswa kuimba katika korali ya kanisa. Hata kandambili sikuweza kuvaa.

Daktari alinipima damu akasema ni goutte, yaani jongo. Mama mmoja kwenye benchi la hospitali akadakia, "Ah! Ugonjwa wa pombe na nyama." Kufika jioni, kanisa zima lilijua.

Mchungaji akaja nyumbani.

"Mutoto wangu, sema ukweli. Kule kwenye ziwa unakunywaka?"

"Hapana, Pasta. Mimi hapana mutu wa pombe."

"Lakini daktari amesema ni goutte."

Mke wangu akatoka jikoni. "Pasta, ni mimi ninalala na ye. Singesikia harufu?"

Mchungaji aliinamisha kichwa, lakini akaniomba nipumzike kwanza, nisiimbe. Nikabaki kwenye kiti, mguu juu ya stuli, nasikia wenzangu wakifanya mazoezi upande wa pili wa barabara. Nilijua kila sauti, na pengo pale sauti yangu ilipokuwa.

Niliporudi hospitalini, daktari aliuliza habari za baba. Baba alikuwa akichechemea tangu ujana wake kule Kipese, na sisi tulisema ni baridi ya milima.

"Na njiani unakunywa nini?"

"Sukre, docteur. Zile soda za baridi. Nikifika tu, nazimaliza mbili, tatu."

"Maji?"

Nikamweleza. Kuna kipande cha barabara kinapita porini, kwenye watu wa bunduki, ambako hakuna shofere anasimama, hata kukojoa. Wenzetu walisimama pale, hawakufika. Kwa hiyo tangu asubuhi sinywi kitu. Nikifika nimekauka, nakula samaki, na matumbo ya mbuzi yakipatikana.

Akatikisa kichwa. "Damu ya baba yako, kukauka, sukari ya zile soda, samaki na matumbo kila siku. Pombe ni njia moja tu, na goutte iko na njia mingi."

Mke wangu alipeleka maneno hayo kwa mchungaji. Nikarudishwa korali. Hata hivyo, jirani yangu kwenye safu bado hugeuza pua kidogo ninapovuta pumzi, nami najifanya sioni.

Soda na matumbo nimeacha, dawa nameza. Kwa damu ya baba siwezi kufanya lolote. Na maji ndiyo yamenishika. Nikinywa kama daktari anavyotaka, kibofu kinajaa katikati ya pori, najikunja juu ya usukani, jasho linanitoka, mguu kwenye pedali ya mafuta. Nisipokunywa, baada ya siku chache kidole kinaanza kunichoma. Kazi nyingine nimetafuta mjini, sijapata. Kesho alfajiri nashuka tena ziwani.