Theluji ya Mwezi wa Sita

Mwanangu, kuna Jumatano moja ya mwezi wa sita ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Keti nikueleze, maana najua siku hizi na wewe unaandika mambo kwenye simu, na watu wanakusoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi Kitale katika duka moja la kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua za kuomba kazi, kutoa kopi za vitambulisho na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali. Mwenye duka, Bwana Simiyu, alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka. Aliona watu wengi wanaingia kutafuta habari za mpira ili wabeti, akaniambia, "Nafula, wewe unajua kuandika. Si uwaandikie hawa watu uchambuzi wa mechi? Wakikuja kusoma watanunua soda, watatoa kopi."

Nikaanza. Mwanzoni niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Nilikuwa nimekua nikisikiliza mpira redioni pamoja na baba, kwa hiyo haukuwa mgeni kwangu. Nilisoma matokeo ya nyuma, nikaangalia nani ameumia na nani anacheza ugenini, kisha nikaandika nusu ukurasa. Karatasi moja niliibandika mlangoni, na maneno yale yale nikayatuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Mechi nisiyoijua niliandika wazi kwamba siijui.

Lakini nikabashiri mechi moja, nikapatia. Wiki iliyofuata nikapatia tena. Vijana wa bodaboda wakaanza kuniita barabarani, "Niaje, Mwalimu wa Mechi!" Sitakudanganya, nililipenda jina hilo. Nilikuwa napita njia ndefu kwenda kula mchana ili nilisikie mara nyingi zaidi.

Sasa, baba yangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu hasa. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha jiografia miaka mingi huko kwetu Bumula, na alikuwa na atlasi kuukuu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono. Hakuwahi kubeti maisha yake yote. Nilimweka kwenye lile kundi la WhatsApp ili tu aone jinsi binti yake anavyoandika. Na kila asubuhi alinijibu. "Hongera, mama. Sentensi ya tatu inahitaji mkato." Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Ukafika mwezi wa sita. Ligi kubwa za Ulaya zilikuwa zimefungwa, wachezaji wako likizo, na wateja wetu hawana la kubashiri. Zikabaki nchi za kaskazini, ambazo huwa zinacheza wakati huo kwa kuwa baadaye baridi huzizuia. Bwana Simiyu akaniletea mechi ya kombe la Finland. Timu kubwa ya mji mkuu ilikuwa inakwenda kucheza na timu ndogo ya daraja la chini, kwenye mji ambao hata kuutamka nilishindwa.

Nilitafuta habari. Hapakuwa na kitu ninachoweza kusoma, yote yalikuwa kwa lugha yao. Ningeweza kuandika tu kwamba siijui mechi hii, kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Lakini watu walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri, na mmoja akasema, "Mwalimu hawezi kosa kitu." Basi nikaandika. Niliandika kwamba theluji iliyoanguka wiki nzima imewazuia wenyeji kufanya mazoezi. Niliandika kwamba kipa wao ameumia kidole cha mkono wa kulia, na kwamba wachezaji hawaelewani na kocha. Nikamaliza hivi: wageni watashinda bila jasho, weka bila wasiwasi.

Yote niliyatunga, mwanangu, nikiwa nimeketi pale pale kwenye kiti, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Mechi ilianza jioni, saa zao zikiwa sawa na zetu. Tuliifuata kwenye kompyuta, maandishi tu, bila picha. Timu kubwa ilikuwa imepeleka vijana wake wa akiba, jambo ambalo timu kubwa hufanya mara nyingi kwenye raundi za mwanzo. Ile timu ndogo ikawafunga matatu kwa moja. Fundi Ekai, mjenzi kutoka mtaa wa Kipsongo aliyekuwa mteja wetu wa kila siku, alivua kofia yake, akaitazama ndani kama aliyedondosha kitu, akaivaa tena, akaenda zake bila kuniaga. Mimi nikajiambia mpira ndivyo ulivyo. Kesho yake nikaandika mechi nyingine.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Baba hakunijibu asubuhi ile. Wala ya pili yake. Nikadhani mtandao wa Bumula unasumbua.

Wiki tatu baadaye nikaenda nyumbani Jumamosi. Kabla hata sijafika kwenye lango nikaona shamba letu. Mahindi ya majirani yalikuwa ya kijani kibichi, yamenipita urefu. Yetu yalikuwa ya manjano, membamba, yamenifikia kiunoni. Mama alikuwa amekwenda kanisani kwa mkutano wa akina mama. Nikamkuta baba peke yake, anapalilia polepole.

"Baba, mbolea ya kukuzia ilichelewa?"

"Haikuchelewa. Haikununuliwa."

Akaegemea jembe. Nilisubiri, maana baba alikuwa mtu wa kupanga maneno kabla ya kuyatoa.

"Ni ile mechi ya Finland," akasema.

"Lakini Baba, wewe hubeti!"

"Sibeti. Siku ile nilikuwa nimeenda kununua mbolea. Kijana wa pale dukani akawa anasoma maandishi yako kwa simu, alikuwa ametumiwa, akasema, ati huyu dada wa Kitale hakosi. Nikamwambia huyo ni binti yangu. Akaniuliza, 'Sasa Mwalimu, wewe umeweka ngapi?' Nikaona aibu, mama. Nikaona aibu kujisifu kwamba wewe ni mtoto wangu halafu nisikuamini. Nikampa ile pesa ya mbolea aniwekee."

Yeye akaendelea, kwa sauti ile ile ya darasani.

"Lakini kuna jambo moja nataka unieleze. Ile theluji. Mwezi wa sita kule ni kiangazi. Jua linakaa mpaka watu wanaenda kulala likiwa bado liko. Nimewafundisha watoto hivyo tangu hujazaliwa. Niliposoma theluji asubuhi ile, nilifungua atlasi. Nikakaa nayo. Mwisho nikasema labda siku hizi dunia imebadilika, Nafula yuko kwenye kompyuta, ameona, mimi ni mtu wa zamani. Nikaifunga."

Mwanangu, kuna maneno yanayokuingia mwilini.

"Nilitunga, Baba."

"Theluji?"

"Ndiyo."

"Na yule kipa?"

"Na kipa pia."

"Hata kidole?"

"Hata kidole."

Alinitazama, mdomo ukaanza kumcheza, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mtaro, na mimi nikacheka huku nalia, nisijue ninafanya lipi. Kisha akafuta macho na kuniita nikae karibu yake.

"Sikiza, mama. Mbolea kupotea ni kosa langu. Nilikuwa na macho, nilikuwa na kitabu, na mkono uliotoa pesa ulikuwa wangu. Hilo usilibebe. Lakini ulinifanya niache kuamini kitu ninachokijua. Hilo ni lako. Uliyaandika wapi maneno hayo?"

"Kwenye mlango wa duka. Na kwenye kundi."

"Basi rudi ukaandike hapo hapo."

Jumatatu nikabandika karatasi mpya. "Uchambuzi wangu wa mechi ya kombe la Finland niliuandika bila kujua chochote. Hapakuwa na theluji. Habari za kipa na kocha nilizitunga. Naomba msamaha. Nafula." Nikaituma pia kwenye kundi. Bwana Simiyu alipoiona aling'aka. "Unaniharibia biashara bana! Toa hiyo kitu!" Akaing'oa. Nikachapa nyingine, nikaibandika. Akaing'oa hiyo pia. Ya tatu akaiacha, lakini hatukusemezana wiki nzima, na uchambuzi ukaishia hapo. Wengine walinitukana kwenye kundi, na walikuwa na haki.

Aliyeniuma zaidi ni Fundi Ekai. Alisimama mlangoni akisoma kwa kufuata maneno kwa kidole, polepole, mpaka jina langu.

"Kumbe hukujua?"

"Sikujua, Fundi."

"Si ungesema tu? Mimi mtu akiniuliza juu ya ukuta sijaona, namwambia sijaona, ningoje niende nione. Kwani iko shida gani?" Akautazama mlango wetu wa duka. "Nilikuwa nataka kununua mlango na ile pesa niliweka. Mpaka leo tunaziba na gunia."

Akaenda. Nilifikiri sitamwona tena. Lakini baada ya siku tatu alirudi na fomu ya mtoto wake ya kuomba msaada wa karo. Akaiweka mbele yangu, akanitazama sana. "Hii nijazie wewe," akasema. "Lakini usitunge." Nilimjazia bila malipo, na kila mstari nilimsomea mara mbili.

Niliomba likizo nikarudi Bumula. Jirani yetu alitupa samadi, na kwa siku sita mimi na baba tulitembea mstari kwa mstari, tukiweka konzi moja kwenye kila shina. Hatukuvuna sana mwaka ule. Lakini sijawahi kukaa na baba namna ile. Alinieleza habari za nchi nyingi ambazo hakuwahi kuzifikia, na kila mara nilipomuuliza jambo asilolijua alisema bila kusita, "Hilo silijui, tutaangalia jioni." Na jioni tulinawa mikono tukaangalia. Amekwisha kulala sasa, Mungu amweke pema. Atlasi ninayo mimi.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili. Ukiulizwa kitu usichokijua, sema hukijui, hata kama watu wamejaa mlangoni na wamekupa jina zuri. Usifikiri wanaokusoma ni wapumbavu tu wa kuchekwa. Kuna mtu anakusoma kwa sababu anakupenda, na huyo hatakukagua. Ataweka kando akili yake mwenyewe ili akupe wewe heshima. Huyo mfikirie kabla hujabonyeza kutuma. Na ukiwa umeshakosa, maana utakosa, nenda ukaseme pale pale ulipokosea, kwa jina lako, watu wale wale wakisikia. Utaona haya kwa wiki moja hivi. Baada ya hapo utatembea mjini ukiwa mwepesi.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe kazi ya kuandika mambo uliyoyaona, akupe marafiki wa kukuuliza umejuaje, na siku utakapokuwa na mtoto wa kukusoma, usiwe na hata mstari mmoja wa kumficha.