Tulimwambia Akaze Moyo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Masisi, Daktari Mkuu alinikabidhi ndoo na tambara. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Wabelgiji walikuwa wameondoka, na madaktari wengi pamoja nao. "Anza kwa kusafisha damu," aliniambia. "Mengine yatakuja." Alikuwa mtu mkavu, lakini hakudanganya mgonjwa. Baadaye akanipandisha niwe msaidizi wa upasuaji, yaani yule anayempa daktari vyombo na kushikilia jeraha libaki wazi.

Ninyi vijana mna mashine za kuona ndani ya tumbo. Sisi tulikuwa na vidole na masikio, na masikio yenyewe yalidanganywa na lugha yetu.

Papa Safari, mkulima wa maharagwe wa vilima vya Lushebere, aliletwa kwa kipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani. Midomo ilikuwa imepauka, tumbo gumu, jasho baridi. Mke wake alitueleza:

"Tangu tupoteze mutoto, anasema moyo yake imeshuka mu tumbo, njo iko napiga pale. Tukamuambia: Papa, kaza moyo. Padri pia alimuambia vile. Na muganga wa dispansere."

Kwetu aliyefiwa husema moyo wake umeshuka, nasi humfariji. Nani angeweka mkono tumboni mwa mtu mwenye huzuni? Kumbe Papa Safari alikuwa akieleza kitu kinachopiga kweli, kando ya kitovu.

Daktari Mkuu alibonyeza kidogo tu. "Anevrisme," alisema. Mshipa mkubwa utokao moyoni hudhoofika, huvimba kama mpira wa baiskeli uliochakaa, kisha hupasuka; wa Papa Safari ulikuwa umeshapasuka. "Tukimwacha, anakufa. Tukimpasua, pengine anakufa vilevile. Lete vyombo."

Ndugu yake alitoa damu, chupa moja. Daktari alifungua tumbo, akaukandamiza mshipa kwa ngumi huku mimi nikikausha damu, lakini hatukuwa na bomba la kitambaa la kushonea mahali palipopasuka. Papa Safari alifia mikononi mwetu. Baadaye niliona wengine wachache waliopasuliwa hivyo, mshipa ukiwa umeshapasuka. Sikuona hata mmoja akirudi nyumbani kwa miguu yake.

Nilipopelekwa Pinga, huko Walikale, kusimamia dispansere, zahanati ndogo, nilikuwa nimejiapiza: atakayenitajia moyo na tumbo pamoja, nitamlaza nimpime. Ndivyo nilivyompata Papa Anselemi. Alikuja kwa kikohozi, akasema kama mzaha kwamba huzuni imemshusha moyo tumboni. Nikaweka kiganja, nikakisikia kitu kinapiga. Mshipa haujapasuka! Nilifurahi hadi nikaona haya. Nilimsindikiza mwenyewe hadi Masisi, sehemu kwa miguu, sehemu kwa lori.

Daktari Mkuu alimpima. Kisha akaniambia, "Umewahi. Vizuri sana. Lakini wanaoutengeneza mshipa huu wako Ulaya. Mimi nikimpasua, nitamwua leo." Akaniamuru nimfasirie yote.

Papa Anselemi alifunga vifungo vya shati. "Inaweza kupasuka siku gani?"

"Haijulikani."

"Nilime?"

"Hapana, Papa. Wala usibebe muzigo."

"Mbele ya kunipima nilijua ni huzuni, na huzuni inaishaka," alisema. "Sasa munanipatia jina ya kifo yangu, kisha munanirudisha nayo nyumbani?"

Alirudi Pinga. Alikaa mlangoni misimu kadhaa, mkono juu ya tumbo, akiangalia mke wake akilima peke yake. Hakucheka tena. Wenzake walimwogopa.

Nimestaafu zamani. Wanafunzi wa uuguzi hunitembelea, huniuliza kama kugundua mapema kunaokoa. Nawajibu ndiyo, palipo na mtu wa kushona. Nina uchungu na dunia iliyotufundisha jina la ugonjwa bila kutupa mkono wa kuutibu. Mshipa wa Papa Anselemi ulipopasuka hatimaye, nilikwenda matangani. Mjane hakulia, wala hakunipa kiti.

"Ungemuacha alime," alisema.