Mifupa Chini ya Stesheni

Nilirudi kwetu Rumonge, Burundi, kwa likizo kutoka jiji la Ulaya ambako ninafanya kazi ya kuchimba njia mpya ya treni ya chini ya ardhi. Tukiwa tunakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, nilimsimulia mama jinsi tulivyokuta mifupa ya watu wa kale chini ya stesheni ya zamani. Kazi ilisimamishwa miezi kadhaa. Wataalamu waliisafisha kwa brashi, mfupa mmoja mmoja, wakaipanga kwenye masanduku.

“Iko watu gani? Walijua majina yao?” mama aliuliza.

“Hapana, mama. Hakuna anayejua.”

“Na wakasimamisha treni kwa ajili yao.”

Aliipua ndagala, tukala, tukalala. Asubuhi alinipeleka kwenye michikichi yetu, akanionyesha kipande kilichojaa majani ambacho hajawahi kukilima tangu turudi kutoka ukimbizini Tanzania. Mama alipokuwa mtoto, baba yake alikamatwa na askari karibu na hapo, na hakuonekana tena.

“Sijui kama baba iko hapa, mutoto wangu,” alisema. “Lakini siwezi kupiga jembe.”

Sasa nimerudi kazini. Mashine ikigusa kitu kigumu, nainua mkono wenzangu wasimame, nashuka kutazama. Mpaka leo imekuwa mawe tu.