Nyumba Iliyoacha Ngano

Kadi ya kliniki ya binti yangu ilikuwa na mstari uliopanda vizuri mpaka alipotimiza mwaka mmoja, kisha ukalala. Muuguzi aliyekuwa akimpima alikuwa mama mpole. Kila mwezi alimweka kwenye mzani, akasoma namba, akanigeukia na kusema, "Mama, ongeza uji wa lishe."

Nikaongeza. Nilikuwa nikinunua unga uliochanganywa nafaka za kila namna, mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano, nikaupika mzito, nikatia maziwa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mtoto aliunywa kwa utiifu ambao mpaka leo nikiukumbuka unanichoma. Tumbo lilizidi kuvimba, mapaja yakabaki ngozi iliyokunjamana, na choo chake kikawa chepesi, cheupe, chenye harufu ya kunifanya nifungue madirisha yote. Alikuwa na miaka mitatu na hakuwa na hamu ya kucheza. Alikaa kibarazani akitazama wenzake.

Bagamoyo ni mji mdogo na watu hawakosi la kusema. Waliosema minyoo tuliwasikiliza, akanywa dawa ya minyoo mara tatu. Waliosema jicho tuliwasikiliza pia. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye katika nyumba yake ya Mji Mkongwe, alimsomea asubuhi na jioni, akampa maji ya kisomo. Hakuna aliyekosea kujaribu. Lakini mstari kwenye kadi haukuinuka.

Mwishowe tulimpeleka Dar es Salaam kwa daktari wa watoto, mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alitusikiliza mpaka tukaishiwa maneno. Kisha akamgeukia mume wangu akamuuliza swali ambalo hatukulitarajia.

"Baba, kwenu asili yenu wapi?"

"Sisi watu wa Bagamoyo," mume wangu akajibu. "Ila babu zetu walitoka Oman."

Daktari akaandika. Akatueleza kwamba kuna ugonjwa uitwao siliaki, ambao hapa kwetu hautafutwi sana na kwa hiyo hauonekani. Mwenye nao, mwili wake unaipiga vita gluteni, ile nguvu iliyomo kwenye ngano inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Katika vita hiyo utumbo ndio unaoumia, na chakula hupita bila kumfaa mwenye kukila. Ni ugonjwa unaotembea kwenye damu za ukoo.

Nikakumbuka vile vikombe vya uji. Nikauliza niache leo leo.

"Usiache," akasema. "Ukiacha sasa, vipimo havitaona kitu. Mpe mkate kila siku mpaka tumalize."

Zile wiki tatu ndizo ngumu kuliko zote nilizowahi kuishi. Kila asubuhi nilimkatia mkate, nikampaka siagi, nikamtazama akila kitu nilichoamini kinamuumiza, naye akanishukuru. Damu ikapimwa, kisha wakamlaza, wakampitishia kinywani mpira mwembamba wenye kamera. Majibu yalipotoka hakukuwa na shaka. Dawa yake ilikuwa moja tu: asile ngano, wala shayiri, maisha yake yote. Daktari akasema na mdogo wake apimwe. Huyo alikuwa na mwaka na nusu, mnene, mcheshi, hajawahi kulalamika tumbo. Tulimpima alipofika umri wa dada yake. Naye alikutwa nao.

Lakini nirudi nyuma kidogo, siku tuliyorudi na majibu ya binti.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Alitusikiliza, kisha akasema, "Mkate ni neema ya Mungu. Tangu lini neema ikamdhuru mtoto?"

Yeye ndiye mpishi wa bokoboko mtaa mzima. Siku ya Idi watu huleta bakuli zao asubuhi na mapema, na ngano yake huwa imeloweshwa tangu jana yake, ikapikwa na nyama mpaka vikawa kitu kimoja, laini, chenye samli juu. Kumwambia kwamba ngano ni sumu kwa mjukuu wake ilikuwa kama kumwambia kwamba mikono yake yenyewe ni sumu.

Hata hivyo hakubisha. Tuligawana jiko. Upande wa dirishani ukawa wangu na watoto: sufuria zake, mwiko wake, kikaangio chake. Nilipokaa na kuhesabu tulichobakiwa nacho, nilishangaa jinsi pwani ilivyotutunza bila sisi kujua. Wali upo. Muhogo wa nazi upo, ndizi zipo, viazi vitamu vipo, samaki yupo. Vitumbua ni mchele, mkate wa kumimina ni mchele. Tulichopoteza ni chapati, maandazi, sambusa, kaimati na tambi, yaani furaha za asubuhi na za futari, lakini si chakula cha mtu kuishi.

Baada ya miezi miwili tumbo likanywea. Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza kwamba nywele zilizokuwa zimepukutika zinakuja. Alikuwa akimsuka, akaniita, "Njoo shika hapa, zimekuwa nzito." Mtoto akaanza kukimbia na wenzake. Siku moja nikampiga kofi dogo la matako kwa kupanda ukuta wa jirani, kisha nikaingia ndani nikalia kwa furaha, maana mtoto wangu alikuwa amepanda ukuta.

Ilikuwa mwezi wa tano tangu tuanze ndipo ugonjwa ukarudi. Kwanza kutapika, kisha choo kilekile, kisha tumbo. Mimi nafanya kazi ya ofisini kule Mbegani, naondoka asubuhi na kurudi alasiri, na mchana kutwa watoto wako na bibi yao. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi mno.

Nilimkalisha binti mapajani. "Bibi amekupa nini leo?"

"Wali na samaki changu."

"Na kingine?"

"Hakuna."

Sikumwamini mtoto wangu. Nikamfuata mama mkwe uani, alikokuwa akianika nguo, nikamwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, "Mama, kama unampa mkate kwa siri kwa kumuonea huruma, niambie. Unamuua."

Alitundika kanga aliyokuwa ameishika, akainyoosha ncha zake, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa baibui na ameshika kikoba. "Nakwenda kwa mdogo wangu," akasema. Mdogo wake anakaa upande wa pili wa soko, hata dakika kumi hazifiki kwa miguu. Mume wangu aliporudi kutoka dukani kwake akamkuta mama yake hayupo, hakunigombeza. Aliketi akanywa chai yake akiwa amenipa mgongo.

Nikaomba likizo ya siku nne, nikabaki na watoto mwenyewe. Nilipika kila kitu kwa mikono yangu. Muhogo, samaki, na vitumbua vya unga wangu wa mchele niliosagisha mwenyewe, unga niliouringia. Siku ya pili mtoto alitapika. Siku ya tatu alitapika tena. Bibi hayupo ndani ya nyumba, jirani hajaingia, na mtoto anatapika.

Hapo nikachukua kilo mbili za mchele nikaenda mashineni, nilikoanza kusagisha mwezi ule badala ya kununua unga wa pakiti. Safari hii sikuacha ndoo na kwenda sokoni. Nilisimama nikatazama. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyeleta lishe, nafaka zake zimechanganywa na ngano ndani, naziona kwa macho. Fundi akaimimina, mashine ikalia, unga ukatoka. Kisha, bila kupiga hata brashi, akachukua mchele wangu akaumimina mlemle. Unga wa kwanza uliotoka ulikuwa na rangi ya kahawia.

"Ndivyo unavyofanya siku zote?" nikamuuliza.

"Dada, wote ni unga tu," akanijibu, wala hakuwa na ubaya.

Nilitoka pale nimeacha ndoo. Nilikuwa nimemlisha mwanangu ngano kwa mkono wangu mara ya pili, na safari hii nilikuwa nimemtafutia mtu mwingine wa kubeba kosa.

Baada ya sala ya alasiri nikaenda kwa mdogo wa mama mkwe. Nilimkuta mama mkwe peke yake sebuleni, anachambua mchele kwenye ungo. Nikavua viatu, nikakaa mkekani mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Siku zote huongeza mwanangu. Siku hiyo hakuongeza.

"Nimekuja kukuomba radhi. Hukumpa kitu. Ni unga wangu mimi, wa mashineni. Unasagwa pamoja na ngano."

Aliendelea kuchambua. "Mtoto anaendeleaje?"

"Leo afadhali."

"Alhamdulillahi."

Akatoa kokoto mbili tatu, akaziweka pembeni. Nilidhani yamekwisha, nikataka kuinuka. Akasema, "Kaa. Siku ile sikuondoka kwa sababu umenisingizia."

Nikakaa.

"Kuna siku nilikuwa nakunywa chai na mkate. Akaja akasimama pale mlangoni, akanitazama, akameza mate. Hakuomba. Angeomba ningemkatalia. Nikamega kipande, nikamnyooshea mkono. Yeye ndiye aliyeniambia, bibi, mimi siruhusiwi. Mtoto wa miaka minne." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Uliponiambia namuua, nilijiona vile ninavyonyoosha mkono. Nikaona bora nisikae machoni pako."

Nikavuta ungo upande wangu, tukachambua wote.

Baadaye kidogo akaanza kunieleza mambo ambayo miaka minane ya kuishi naye hakuwahi kuyagusa. Kwamba yeye tangu usichana anaumwa tumbo. Kwao walimwambia ni chango. Amekunywa kila mzizi, amechemsha karafuu na mdalasini, amekandwa na wakunga. Mimba tatu ziliharibika kabla ya kumzaa mume wangu, na baada yake hakupata mwingine. Choo chake alikuwa akikificha kama aibu. "Mnaposema habari za mtoto," akasema, "mimi nasikia habari zangu. Lakini nilikuwa nasema, haiwezekani. Ningekuwa nao si ningekuwa nimeshakufa?"

Tulirudi nyumbani pamoja jioni ile, mimi nimebeba kikoba chake.

Hatukuacha ngano siku moja. Ilitoka jikoni polepole, kama mgeni anayeaga mara tatu. Kwanza nilinunua blenda na kinu, mchele nikawa naulowesha na kuusaga nyumbani, na makopa ya muhogo yakatwangwa uani. Kisha mume wangu akaacha kuleta mkate, akawa anaula dukani. Kisha siku moja nikagundua kwamba mama mkwe anapakua kwenye sufuria za watoto. Sikumuuliza. Baada ya wiki kadhaa nikamwona anakula ukwaju na pilipili, vitu ambavyo tumbo lake lilikuwa halivitaki kamwe.

Nilimwambia daktari tulipokwenda kumwonesha binti. Akasema apimwe, ila kwanza arudie kula ngano kwa wiki kadhaa, vinginevyo damu haitaonesha. Na kuhusu zile mimba akasema inawezekana, lakini hakuna wa kuweza kujua sasa. Nikampelekea mama mkwe ujumbe kama ulivyo.

Akanitazama kama niliyechanganyikiwa. "Niurudie ugonjwa ili nipewe cheti chake?"

Hajapimwa mpaka leo.

Idi iliyofuata nilikuwa na wasiwasi na bokoboko. Sikutaka kuwa mimi wa kuliua. Siku mbili kabla, mama mkwe akaniagiza mchele mpya wa Rufiji, kilo sita. Akasema kwamba miaka ile ngano ilipoadimika madukani, mama yake alilipika kwa mchele na kuku, na watu walikula. Tulisimama wawili kulisonga kwa mwiko tangu alfajiri. Lilitoka jeupe zaidi, laini zaidi, na lilikosa ule mvuto wa ngano, sitasema uongo. Mabakuli yalikuja kama kawaida. Hakumwambia mtu. Jirani mmoja alirudi adhuhuri kuuliza, "Bibi, mwaka huu umetia nini? Limekuwa jepesi tumboni." Mama mkwe akamjibu kwamba ni samli nzuri tu.

Mwaka jana tulialikwa harusi Ubena, kwa jamaa wa mume wangu. Binti sasa yuko darasa la pili, mdogo wake anaanza shule. Tulibeba chombo chao cha chakula, kama tunavyobeba kila mahali. Wanawake tuliketi uani kwenye mikeka, sinia za sambusa na kaimati zikipita kabla ya chakula chenyewe. Mwanamke mmoja mtu mzima, mwenyeji, akawasogezea watoto sinia. Binti akasema, "Ahsante bibi, ngano inatudhuru. Tutasubiri pilau."

Yule mama akacheka, akamgeukia mama mkwe. "Watoto wa siku hizi! Ngano inamdhuru nani?"

Niliinua uso nimjibu mimi, nimezoea. Mama mkwe akaniwahi.

"Na mimi inanidhuru," akasema. "Miaka yangu yote, nilikuwa sijui."

Wanawake wawili watatu wakageuka. Mmoja, mwembamba, aliyeketi karibu na ukuta na mtoto mgongoni, akasogea mkekani taratibu mpaka akafika kwetu, akauliza kwa sauti ya chini, "Inakuwaje hiyo, bibi? Inaanzaje?"

Mama mkwe akampisha nafasi, akaanza kumweleza. Alimweleza yote, na choo pia.