Mnaombwa Msogee

Baba yangu alinyang'anywa ardhi kwa neno la adabu. Ningeelewa kama angetukanwa.

Tulikuwa tunaishi upande wa Basotu, miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalipokuwa yanapanuka. Matrekta tulianza kuyasikia kwa mbali, tukaja kuyaona, mwisho tukawa tunakula vumbi lake. Siku moja ikaja Landrova na watu wawili: meneja mzungu asiyejua Kiswahili, na karani wake, kijana kutoka mkoa mwingine, aliyeletwa kutafsiri. Mzungu alisema sentensi moja fupi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na katika sentensi ile nilidaka neno moja tu, move. Mwalimu wetu alikuwa akitufokea nalo tukipanga mstari. Shuleni maana yake ilikuwa kupiga hatua moja mbele.

Karani alimwamkia baba shikamoo, akainamisha macho, akasema, "Mzee, mnaombwa msogee kabla ya mvua."

Alikuwa na malezi mazuri yule kijana. Nadhani neno "mhame" lilimshinda kulitamka mbele ya mtu mwenye mvi. Sasa Kiswahili cha baba kilikuwa cha mnadani na kanisani, na kanisani ukiambiwa usogee, unajivuta kidogo kwenye benchi ili mwingine apate pa kukaa, kisha ibada inaendelea. Baba alisema hao watu wameongea vizuri. Kesho yake akaanza kusogea.

Tulibomoa nyumba, tukabeba nguzo na miti yote hadi ng'ambo ya njia ya ng'ombe, tukajenga upya. Kaka zangu walichimba mashimo, mimi nilikanyaga udongo mpaka miguu ikapasuka. Kaburi la mama tuliliacha pale pale karibu na mlango wa zamani, na mawe yake. Baba alisema si mbali, mama ataendelea kuona moshi wetu. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alijiona amekuwa jirani mwema.

Kuta hazijakauka, matrekta yakaja. Yalipita kwenye ua wetu wa zamani, yakapita juu ya mama, yakavuka njia ya ng'ombe bila hata kupunguza mwendo. Msimamizi wao alishuka akauliza kwa ukali kama hatukuambiwa tuhame. Baba alikuwa amesimama mbele ya nyumba mpya, mikono ina udongo. "Tumesogea," alisema. Msimamizi akauliza tena, naye akajibu vile vile, taratibu, kama anayemsaidia mtu mgumu wa kuelewa. Jioni ile hatukuwa na nyumba ya zamani wala mpya.

Tulirudi Endagikot kwa baba mdogo, tukajenga tena kwenye kipande cha shamba ambacho mbuzi akikohoa, jirani anaamka. Mimi nilipata kazi ya uhudumu wa wodi kwenye zahanati ya misheni. Muuguzi wetu alikuwa mama wa Kidenmark, mpole, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, na alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza na lugha ya kwao. Siku ambayo wagonjwa walikuwa wachache nilimwomba anitafutie lile neno move. Nilimweleza kwa nini.

Alisoma muda mrefu. Akasema kwao neno hilo linagawanyika. Kuna flytte, kuhama na vyombo vyako. Kuna bevæge, mwili kujongea, kama mtoto tumboni. Halafu kuna røre, na ile o yao iliyokatwa mstari, ambalo ni kugusa mtu moyoni mpaka machozi yakaja. Waingereza, alisema, wanayatia yote kwenye kapu moja.

Nikamwuliza, basi yule meneja angekuwa Mdenmark, angesema flytte, na hakuna ambaye angekosea? Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka niende nyumbani nikamwambie baba kwamba kuna nchi ambako yasingetupata haya.

Aliifunga kamusi, akaniambia kwamba hata kwao, mtu akitaka umpishe kwenye benchi, anakwambia flyt dig. Ni neno lile lile. Akasema anasikitika sana, na macho yake yalikuwa yamelowa, røre yake hiyo. Nilimchukia kwa dakika nzima, maskini, wakati kosa halikuwa lake. Halikuwa hata la karani. Angesema "mhame" tungejenga mara moja badala ya mbili, basi. Ngano ingepandwa pale pale. Tangu siku ile sijaitamani tena lugha yoyote.

Baba aliletwa kwetu zahanati msimu wa baridi, kifua kimebana. Alikuwa amekonda, haongei. Nilimlaza kitanda cha dirishani, na fimbo yake na mgolole wake nikaviweka ukutani karibu yake. Akaanza kupata nafuu. Asubuhi moja yule mama wa Kidenmark alikuja na shuka safi. Alimwamkia kama tulivyomfundisha, akaitikiwa marahaba. Kisha, kwa sauti yake ya upole, akatumia neno alilolisikia kila siku wodini.

"Baba, sogea kidogo."

Baba alimtazama, akaketi. Akashusha miguu sakafuni, akavuta mgolole akajifunga begani, akachukua fimbo. Muuguzi alidhani anakwenda chooni, akampisha. Baba akaanza kutembea kuelekea mlangoni, peku, akipumua kwa shida, hana hasira wala haulizi kitu. Nilimkimbilia nikamshika mkono. Nikamwambia baba rudi, hapa ni kwako, ni shuka tu wanabadilisha.

Aliniangalia kama ninayemdanganya. "Waulize kwanza, mwanangu," alisema. "Safari hii ni mpaka wapi?"